Kati ya Masika na Masika

Katika lugha ya wataalamu wa Tanzania, janga na maafa ni mambo mawili. Janga ni tukio lenyewe: mvua kubwa, tetemeko la ardhi, kimbunga, ukame, ubavu wa mlima unaomeguka. Maafa ni madhara yanayobaki tukio hilo linapowakuta watu, nyumba, mifugo na mazao, yakawa makubwa kiasi cha jamii kushindwa kuyamudu kwa nguvu zake yenyewe. Mvua ya milimita 100 ikinyesha kwenye pori la Selous inabaki kuwa mvua. Ikinyesha Dar es Salaam, na bonde la Mto Msimbazi limejaa nyumba, taka na mchanga ulioshuka kutoka vilima vya Pugu, kufikia jioni kuna watu wamepanda juu ya mapaa. Kinachotofautisha hali hizo mbili kimetengenezwa na mikono ya watu, kidogo kidogo, kwa miaka. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ya kujikinga hufanyika, au huachwa bila kufanyika, siku ambazo hakuna wingu hata moja, na hufanyika mtaani na kitongojini kabla ya kufika wilayani.

Majanga ya aina hizo zote yamewahi kuifika Tanzania, ingawa si kwa uzito mmoja. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu wasiopungua 17 na kubomoa maelfu ya nyumba. Vimbunga ni adimu, kwa kuwa pwani ya nchi iko karibu na ikweta, mahali ambapo mzunguko wa dunia haukipi kimbunga msukumo wa kutosha, na kisiwa cha Madagaska husimama mbele kama ngao. Adimu, lakini vipo: Aprili 1872 kimbunga kiliing'oa mikarafuu ya Unguja kiasi kwamba kitovu cha zao hilo kikahamia Pemba, Aprili 1952 kingine kikaipiga Lindi, na mapema Mei 2024 Kimbunga Hidaya kikafika Mafia kabla ya kuishiwa nguvu. Ukame huja polepole na kuondoka polepole, na unastahili makala yake wenyewe. Janga linalorudi mwaka hadi mwaka, na linalofahamika kwa jina katika karibu kila mkoa, ni mafuriko pamoja na ndugu yake, maporomoko ya tope.

Mfano mzito zaidi wa miaka ya karibuni ni wa Hanang, mkoani Manyara. Mlima Hanang ni volkano ya zamani iliyolala, yenye urefu wa mita zipatazo 3,420, na mji wa Katesh umekaa miguuni pake. Vuli ya mwaka 2023 ilikuwa ya El Niño. Kabla haijaanza, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilikwisha kutangaza kwamba mvua zingekuwa juu ya wastani. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba, sehemu ya mlima ilimeguka. Serikali ililazimika kufafanua kwamba hapakuwa na mlipuko wa volkano wala tetemeko: tabaka la mwamba dhaifu lilinyonya maji hadi likashindwa kujishikilia, likageuka tope, likafuata mkondo wa Mto Jorodom likibeba mawe na magogo, na kuziangukia nyumba za Jorodom, Gendabi, Ganana na Katesh yenyewe. Watu 89 walikufa.

Tope haliendi kama maji. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani 1; ya tope lililochanganyika na mawe hukaribia tani 2. Maji hupita dirishani na kutokea mlangoni, na ukuta mzuri unaweza kubaki umesimama. Tope husukuma ukuta mzima, na likishaingia ndani halitoki. Jua likiwaka siku tatu nne huwa gumu kama tofali, na chumba kilichokuwa na kitanda, kabati na magunia ya mahindi kinakuwa kitu cha kuchimbwa kwa sululu. Katika hali hiyo kujua kuogelea hakumsaidii mtu. Kinachomwokoa ni kutokuwepo njiani, na ili asiwepo njiani ni lazima awe ameonywa.

Hapo ndipo pengo la Hanang lilipokuwa, nalo halipaswi kupitwa haraka. Mvua ilitabiriwa, mlima hakuna aliyeutabiri. Tangazo la mvua kubwa halimwambii mtu wa Gendabi kwamba ubavu wa mlima juu ya nyumba yake umeshiba maji. Lakini milima hutoa dalili, na wanaoishi chini yake ndio wa kwanza kuziona wakizijua: nyufa mpya ardhini au kwenye kuta, miti na nguzo zinazoanza kuinama, chemchemi inayochipuka mahali pasipokuwa na maji, mto unaobadilika ghafla kuwa mzito wa udongo, mngurumo usiokatika kutoka juu. Dalili ya hatari kuliko zote ni mto kupungua ghafla huku mvua ikiendelea kunyesha. Anayeona hivyo kwa mara ya kwanza huweza kudhani hali inatulia. Kumbe maji yamezuiwa huko juu na udongo ulioanguka, na kizuizi kikipasuka yatashuka yote kwa mara moja. Mtoto wa darasa la nne anaweza kufundishwa dalili hizo kwa nusu saa. Shule za vijiji vyote vilivyo chini ya milima, kuanzia Hanang hadi Uluguru na Usambara, zingestahili somo hilo kila mwaka kabla ya mvua.

Dar es Salaam tatizo ni jingine. Tarehe 21 Desemba 2011 jiji lilipata milimita 156.4 za mvua kwa siku moja, kiasi ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1954, na watu zaidi ya 40 wakafa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la nyumba ya kawaida lenye mita za mraba 80 lilimwaga siku ile zaidi ya lita 12,000, sawa na matenki 12 ya lita 1,000. Zidisha kwa mapaa ya Manzese, Tandale, Mburahati na Kigogo, ambako hakuna ardhi tupu ya kuyanywa maji hayo, na yote yanateremka kuelekea bonde moja linalopita Jangwani na kumwagika baharini kwenye daraja la Selander. Mto uliokuwa na upana wake umebanwa na majengo, kina chake kimejaa mchanga. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, lakini katika sehemu nyingi za bonde hilo mita 60 ni mtaa mzima wenye wapangaji, maduka na nyumba za ibada.

Rufiji nako mafuriko yana sura ya tatu, ya kale zaidi. Kwa karne nyingi watu wa bonde hilo waliishi na mto unaofurika, wakapanda mahindi na kunde za mlau kwenye udongo wenye unyevu ulioachwa na maji yanayorudi nyuma, wakalala kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, mbali na maji na wanyama. Mafuriko ya wastani yalikuwa mbolea. Makubwa mno yalikuwa msiba. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko makubwa, serikali iliendesha Operesheni Rufiji na kuwahamishia watu miinukoni. Nyumba zilihama, mashamba hayakuweza kuhama, na wakulima wakaendelea kushuka bondeni kila msimu. Sasa mto una Bwawa la Julius Nyerere, na milango yake ya kutolea maji hufunguliwa na binadamu. Aprili 2024, Rufiji na Kibiti zilipozama, mjadala ulihusu kama bwawa lilizidisha au lilipunguza madhara. Lililo muhimu kwa siku zijazo halihitaji kungoja mjadala huo uishe: maji yanayofunguliwa kwa uamuzi wa ofisi yanaweza kutangazwa kwa tarehe na saa, hadi kwenye kitongoji cha mwisho kabisa cha delta, jambo ambalo mawingu hayajawahi kulifanya.

Ukubwa wa msimu ule ulielezwa bungeni tarehe 25 Aprili 2024. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alisema mvua zilikuwa zimeua watu 155, kujeruhi 236 na kuathiri kaya zaidi ya 51,000. Hakuna kamati ya wilaya inayoweza kuzifikia kaya 51,000 ndani ya saa moja. Kwenye saa hiyo ya kwanza wapo majirani tu, na maandalizi yoyote yasiyoanzia kwa jirani huwa yamechelewa.

Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022 inalitambua hilo kwa maandishi. Inaweka kamati za maafa kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi kata, kijiji na mtaa, na inaanzisha mfuko wa maafa. Dodoma kipo kituo cha operesheni na mawasiliano ya dharura chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Juu kumejengeka. Chini, kamati nyingi za mitaa ni orodha ya majina iliyobandikwa ofisini, na hukutana kwa mara ya kwanza maji yakiwa tayari yamefika magotini. Kamati ya mtaa inahitaji mambo machache: vikao viwili kwa mwaka, kimoja kabla ya vuli na kingine kabla ya masika, ufunguo wa shule au ukumbi ambao watu watakimbilia, na mtu wa pili mwenye nakala yake, na namba za simu zilizohakikiwa, kwa kuwa namba ya mwaka jana mara nyingi haipatikani.

Kazi ya kwanza ya kamati hiyo ni kutafsiri utabiri. TMA hutoa taarifa kwa ngazi tatu, yaani angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na kila neno lina uzito wake, ingawa masikioni mwa wengi yote matatu ni neno moja. Taarifa husema mvua kubwa inatarajiwa katika maeneo machache ya mikoa ya Tanga, Pwani na Dar es Salaam. Mama lishe wa Kigogo anaisikia redioni akikoroga uji, naye anataka kujua jambo moja: je, ni leo ninyanyue godoro? Jibu la swali hilo haliwezi kutoka Dodoma wala TMA. Linatoka kwa watu wanaojua kwamba maji yakifika kwenye bomba la bluu chini ya daraja, nyumba za nyuma ya msikiti zina dakika 40. Ujuzi wa namna hiyo upo katika kila mtaa unaofurika, umehifadhiwa kichwani mwa wazee na mafundi. Ukipigwa mstari wa rangi kwenye nguzo ya daraja, njano kwa kujiandaa na nyekundu kwa kuondoka, na vijana wakapangiwa zamu ya kuutazama usiku, unakuwa chombo cha tahadhari kinachogharimu makopo mawili ya rangi.

Dar es Salaam imekwisha kuonyesha kwamba ujuzi huo unaweza kukusanywa. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatuma wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi kuchora ramani za mitaa inayofurika: mitaro, madaraja ya miguu, njia za uchochoroni, na mahali ambapo maji hufika, kwa kuwauliza wanaoishi hapo. Ramani zikawekwa wazi ili yeyote azitumie. Miji mingi ya wilaya haina kitu kama hicho hadi leo, ingawa vijana wenye simu janja wapo kila kata.

Onyo lazima lifike kwa kila mtu, na kila mtu ni pamoja na asiye na simu, asiyesikia vizuri na aliyelala. Kipaza sauti cha msikiti, kengele ya kanisa, mbiu ya mgambo na filimbi ya ulinzi shirikishi hufika pale ambapo ujumbe wa simu haufiki. Daftari la mjumbe wa nyumba kumi lina nafasi kubwa hapa kuliko teknolojia yoyote. Ukurasa mmoja unatosha: nani ni mjamzito wa miezi ya mwisho, nani anatumia magongo, bibi gani analala peke yake, nyumba ipi mama hufanya kazi usiku na watoto hubaki na dada wa kazi. Mbele ya kila jina huandikwa jina jingine, la mtu atakayekwenda kumchukua. Bila jina la pili, jina la kwanza halina faida.

Baada ya onyo kuna kazi za mikono. Mtaro unaozibuliwa Februari hupitisha maji ya Aprili. Unaozibuliwa Aprili, na taka zikaachwa zimerundikwa ukingoni, hurudishiwa uchafu wote ndani na mvua ya kwanza. Tabia ya kutapisha vyoo wakati wa mvua inajulikana na kila anayeishi bondeni. Anayefungua shimo lake ili mafuriko yabebe kinyesi anakipeleka kwenye visima na sebule za wenzake, na kipindupindu hakiulizi kilitoka kwa nani. Ni jambo la aibu, na halitaisha kwa faini peke yake, maana gari la kunyonya maji taka halipiti kwenye vichochoro vile na bei yake iko juu ya uwezo wa wengi. Halmashauri inayotaka vyoo visitapishwe itafute namna ya kuvinyonya kwa bei nafuu kabla ya msimu.

Nyumba nazo hujengwa zikilijua janga lake. Penye mafuriko, msingi huinuliwa juu ya alama ya maji ya miaka iliyopita, tofali za chini huwa za saruji, na swichi na soketi huwekwa juu ya usawa wa kifua. Penye matetemeko, mkanda wa zege wenye nondo juu ya madirisha na milango, uliozunguka nyumba nzima bila kukatika, hufunga kuta zisiachane. Nyumba nyingi za tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo hazina mkanda huo. Penye upepo, paa linashikwa kwa waya au vipande vya bati vilivyofungwa hadi ukutani, kwa kuwa upepo mkali hulinyanyua paa kutoka chini. Fundi wa mtaani anaweza kufanya yote haya. Mara nyingi hayafanyi kwa sababu mwenye nyumba hakuyaagiza, na mwenye nyumba hakuyaagiza kwa sababu hakuna aliyemweleza tofauti ya bei, ambayo wakati wa ujenzi ni ndogo kuliko ya kujenga upya.

Mali isiyobebeka huachwa, karatasi hubebeka. Hati ya kiwanja au ya mauziano, vyeti vya kuzaliwa na vya shule, kadi ya kliniki ya mtoto, kitambulisho cha taifa, kadi ya bima na daftari la dawa vikikaa kwenye mfuko mmoja wa nailoni uliofungwa vizuri, juu ya kabati, mtu huondoka navyo kwa sekunde. Picha zake kwenye simu ya ndugu aliye mkoa mwingine ni akiba ya pili. Vikundi vya kuweka na kukopa vina udhaifu wao wa pekee: sanduku la kikoba lenye kufuli tatu ni imara dhidi ya mwizi, lakini haliogopwi na maji, na daftari la hisa na mikopo likiloa, ugomvi wa nani anamdai nani huweza kuvunja kikundi kilichodumu miaka kumi. Kupiga picha kurasa za daftari kila baada ya kikao ni kazi ya dakika tano.

Maeneo yanayotegemea barabara moja yanahitaji akiba ya ziada. Mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kuu ya kusini katika maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa, Lindi na Mtwara zilitengwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Zahanati ya kijiji kilicho ng'ambo ya daraja moja ikabidhiwe dawa na vifaa vya kujifungulia vya mwezi mzima kabla ya masika.

Siku yenyewe ikifika, kanuni ni chache. Umeme huzimwa kwenye mein swichi kabla maji hayajagusa soketi, na anayezima awe amesimama pakavu. Maji yanayokimbia yakifika sentimita 15 huweza kumwangusha mtu mzima. Ya sentimita 60 hubeba gari. Aprili 2024 jijini Arusha basi dogo la shule lilisombwa na maji korongoni na wanafunzi wakapoteza maisha. Dereva anayesimama na kungoja anapaswa kuungwa mkono na mwajiri wake na wazazi, wala asipigiwe simu za kuulizwa kwa nini amechelewa. Atakayevuka kwa lazima apime kina kwa mti mbele ya kila hatua. Rufiji wana hatari nyingine ya kuhesabu, mamba na viboko waliotoka mtoni pamoja na maji.

Kurejesha hali huanza siku maji yanapopungua, na hapo ndipo taifa zima huonyesha huruma yake. Hanang, jeshi na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) walichimba, malori ya unga na mablanketi yalifika, serikali ilibeba gharama za mazishi na matibabu, na Rais Samia Suluhu Hassan alikatisha safari yake ya mkutano wa tabianchi Dubai akaenda Katesh. Ukarimu huo ni wa kweli na ni hazina. Shida yake ni kwamba hudumu majuma matatu hivi, wakati kurejesha hali huchukua miaka.

Majuma ya kwanza ni ya afya. Kisima kilichofunikwa na mafuriko kikaushwe, kisafishwe na kutiwa klorini kabla ya mtu kunywa maji yake. Maji mengine yachemshwe au yatiwe vidonge. Matope yaondolewe ndani ya nyumba yakiwa bado mabichi, kwa koleo, na waliovaa viatu, maana ndani yake kuna misumari, vioo na nyoka. Godoro la sponji lililolowa maji ya choo haliokoki, na ni uchungu kulitupa kwa familia isiyo na jingine. Ndiyo sababu magodoro yangefaa kutangulia nguo kuukuu kwenye malori ya misaada. Watoto warudi darasani mapema iwezekanavyo. Shule ikigeuzwa kambi, iwekewe tarehe ya kurudishwa. Walionusurika wapate wa kuwasikiliza, si kwa siku tatu za matanga tu: mtu aliyesikia mngurumo ule wa alfajiri huamka kila mvua inapogonga bati, na mtoto anayekojoa kitandani kwa hofu hahitaji kuchapwa.

Kisha huja suala la pesa na nyumba, na hapa uwazi una thamani kuliko ahadi. Baada ya tetemeko la Kagera michango ilichangwa nchi nzima, na wengi waliopoteza nyumba waliamini kwamba ingewajengea. Msimamo wa serikali ulipokuja kuwekwa bayana ulikuwa kwamba fedha zinaelekezwa kwenye miundombinu ya umma kama shule, na kila mwenye nyumba ajijengee. Uamuzi huo unaweza kutetewa, maana shule ni ya watoto wote. Ila kaya iliyongoja miezi ikidhani itajengewa imepoteza kiangazi kizima cha kufyatua tofali. Tangazo la nani atapata nini, na nani hatapata, linapaswa kutoka ndani ya majuma ya kwanza, na orodha ya wanufaika kubandikwa mahali pa wazi ili majirani wenyewe wairekebishe.

Kuhamisha watu ndiko kugumu kuliko yote. Baada ya mafuriko ya 2011 wakazi wa Bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande, kilomita zipatazo 30 kutoka katikati ya jiji. Ardhi ilikuwa kavu na salama. Lakini anayeuza mihogo Kariakoo, anayebeba mizigo sokoni, anayefua nguo Upanga, hakupewa pamoja na kiwanja nauli ya kwenda na kurudi kila siku, na baadhi wakarudi bondeni. Waliitwa wakaidi. Hesabu yao ilikuwa sahihi: mafuriko huja baadhi ya miaka, njaa huja jioni. Kilosa, baada ya Mto Mkondoa kuvunja tuta lake mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, baadhi ya kaya zilikaa kwenye mahema muda mrefu mno kuliko hema linavyostahili kukaliwa. Kwa waathirika wa Hanang serikali ilijenga nyumba zaidi ya 100 katika eneo la Waret, ndani ya wilaya ileile, jambo lililowaacha watu karibu na ndugu, mashamba na makaburi yao. Kama makazi yale yatadumu, sababu kubwa itakuwa ukaribu huo.

Riziki hurudi kabla ya nyumba, au nyumba hairudi. Mkulima wa Rufiji anahitaji mbegu za muda mfupi ndani ya majuma machache baada ya maji kushuka, wakati unyevu wa mlau bado uko ardhini. Mbegu hizohizo zikifika miezi mitatu baadaye ni chakula cha kuku. Fundi cherehani anahitaji cherehani. Penye soko linalofanya kazi, fedha taslimu kwa simu humfaa mtu kuliko mfuko wa unga, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kama leo anahitaji unga, bati au ada. Ajira za muda zinazolipwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) zinaweza kuelekezwa kwenye mitaro na matuta yaleyale yaliyoshindwa, na hapo kurejesha hali kunakuwa tayari ni kujiandaa.

Hatua ya mwisho ni kumbukumbu, na ndiyo inayosahaulika kwanza. Kamati ya mtaa ikae mwezi mmoja baada ya maji kuondoka na kuandika daftarini: maji yalifika wapi, saa ngapi, onyo lilitoka kwa nani na lilimkosa nani, ufunguo wa shule ulikuwa na nani. Nyumbani, ukuta uliofikiwa na maji huachwa na mstari wa kahawia pale maji yaliposimama, na wenye nyumba huharakisha kuufuta kwa chokaa kabla wapangaji wapya hawajaanza kuuliza. Mtaa unaweza kuamua mstari huo usifutwe. Upigwe upya kwa rangi ya mafuta, pembeni yake tarehe na mwaka, kwenye ukuta wa ofisi ya serikali ya mtaa, wa shule, wa msikiti na wa kila nyumba ya kupangisha. Anayekuja mwezi wa Agosti kutazama chumba, udongo ukiwa mkavu na mto ukiwa mfereji wa kuruka kwa hatua moja, atauona umesimama usawa wa kifua chake kabla hajahesabu kodi ya miezi sita.